Rangi ya Ndani ya Kope

Wewe unayesoma, lini mara ya mwisho ulivuta chini kope la jicho la mwanao ukatazama rangi iliyo ndani yake? Usijibu haraka. Nassibu Mahamudu hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja, na alikuwa baba mwema kuliko wengi wetu.

Nassibu ni mkulima wa mpunga ndani ya delta ya Rufiji, upande wa visiwani, ambako mtu hawezi kumtembelea shemeji yake bila kuuliza kwanza kama maji yamejaa au yamekupwa. Babu yake aliteremka kutoka vilima vya Umatumbi na jembe begani, akaona udongo mweusi wa mto, akasema hapa sihami. Mjukuu naye hakuhama. Lakini kilichompa Nassibu jina si kilimo, maana pale kila mtu analima. Yeye ni fundi wa madungu, vile vibanda vinavyosimama juu ya miguu mirefu ya miti katikati ya mashamba, ambamo familia huishi msimu mzima ikiamia ndege na kufukuza nguruwe. Dungu la Nassibu haliyumbi. Watu husema ukilala humo, unaweza kuamka ukashuka ukidhani uko kwenye kitanda cha nyumbani, ukavunjika mguu.

Yeye na mkewe, Ashura, waliachana bila ugomvi. Akaolewa tena Mbagala, akamwacha binti yao wa pekee, Muzdalifa, akiwa na miaka mitano. Dada mkubwa wa Nassibu, Bi Mwantumu, ambaye hakujaliwa mtoto, alimpokea yule binti kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea. Basi wakawa watatu: kaka, dada na mtoto wao.

Muzdalifa alikulia madunguni. Kila mpunga ulipoanza kubeba, alishuka ngazi alfajiri, peku, akazama matopeni mpaka magotini, akizungusha kombeo na kuwatukana ndege kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto: "Hoo! Walafi nyie! Kalimeni kwenu!" Nassibu, juu ya dungu, alicheka peke yake.

Matope hayo ndiyo yaliyomfuga adui. Katika shamba lililojaa maji hakuna choo. Watu hujisaidia kwenye kingo, mvua inasambaza, na minyoo wadogo wasioonekana wanasubiri unyayo wa mtu. Wanapenya ngozi, wanasafiri, wanaganda kwenye utumbo na kunyonya, kila siku tone, kila siku tone. Ugonjwa wenyewe wazee wanaujua kwa jina, safura. Jina tunalo tangu enzi na enzi. Viatu vya mvua hatuna. Ndivyo tulivyo.

Mwaka aliomaliza darasa la saba, Muzdalifa alivunja ungo. Desturi ikachukua nafasi yake. Bi Mwantumu, somo, kungwi wa wali wa nusu ya kijiji, akamweka ndani, kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha la maana, kuanzia Septemba mpaka shule za sekondari zitakapofunguliwa Januari. Zamani mwali alikaa mwaka mzima, hata miwili. Siku hizi wanapatana na kalenda ya shule. Lakini shuruti moja haikupunguzwa: baba hamwoni mwali. Hamtazami, haingii, hapiti mlangoni.

Baba na binti wakabuni lugha yao. Kila alasiri Nassibu alikaa nyuma ya nyumba, mgongo kwenye ukuta wa udongo, akichonga vigingi vya ngazi. Alikohoa mara mbili. Ndani, Muzdalifa aligonga ukuta mara tatu. Hiyo ilikuwa shikamoo na marahaba, na habari za kutwa, na yote.

Mwezi wa kwanza ukuta ulijibu upesi, ko-ko-ko, kama kigogota. Mwezi wa pili ulikawia kidogo. Mwezi wa tatu alikohoa, akangoja, akakata kigingi kizima, ndipo akasikia: ko. Kimya. Ko. Akajiambia: mtoto amekuwa mtu mzima, anaona haya kucheza na baba yake.

Kitu kingine alichosikia ni kutafuna. Kru, kru, kru, mchana kutwa. Akamuuliza dada yake.

"Anatafuna nini huyo?"

"Mchele," akajibu Bi Mwantumu. "Mbichi. Kashika kibakuli chake kama sungura. Nimemkataza, haachi."

"Mwache ale," Nassibu akacheka. "Mpunga kaulinda mwenyewe miaka yote hiyo. Acha ale jasho lake."

Na akaenda kumletea kibaba kingine cha mchele, ule mzuri, unaonukia.

Bi Mwantumu naye alikuwa anaona mambo yake. Mwali anawekwa ndani ili atoke mweupe, amejaa, amelainika. Huo ndio ushahidi wa kazi ya somo. Na huyu alikuwa anatokea vizuri kuliko wote aliopata kuwalea! Uso ulizidi kung'aa wiki hadi wiki. Mashavu yalijaa. Miguu ilinenepa mpaka bangili za miguuni zikaacha alama kwenye ngozi. Hakuwa mtundu tena. Alilala, alinyamaza, alisogea taratibu kama mke wa mfalme. Bi Mwantumu alimsugua liwa na kumshukuru Mungu.

Kuna jambo moja alilijua peke yake. Hedhi ya mwali huyu ilikuwa ya siku tisa, mwezi mwingine siku kumi na mbili, na vitambaa vilikuwa havitoshi. Hayo hayasemwi mbele ya wanaume. Alijifariji kwamba kizazi kinajisafisha, kwamba msichana mwenye damu nyingi atazaa wengi. Na vile vidonge vya kuongeza damu ambavyo watoto waligawiwa shuleni, Muzdalifa alikuwa navyo kwenye mfuko wa daftari. Alivimeza wiki moja kwa chai ya rangi, choo kikawa cheusi. Bi Mwantumu alishtuka akavitupa chooni. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba weusi ule ni wa chuma tu, si sumu, wala kwamba chai ile nzito inakiziba chuma kisiingie mwilini. Angejulia wapi? Huyu ni mwanamke aliyempenda mtoto kuliko roho yake. Lililomuua mtoto si chuki. Ni mapenzi yasiyofundishwa, na sisi tuliofundishwa tulikuwa wapi?

Jumamosi ya kwanza ya Januari, mwali akatolewa.

Ngoma ilianza asubuhi mapema. Wanawake walimbeba Muzdalifa mabegani, kanga mpya mbili, shada la asumini kichwani, hina viganjani mpaka kwenye vifundo, nyekundu iliyoiva. Walipofika mbele ya Nassibu wakamshusha. Alikuwa hajamwona miezi minne. Akamtazama akasahau kutoa zawadi.

"Nassibu! Unashangaa nini, si mwanao huyo?" mwanamke mmoja akampigia kelele.

"Kashangaa kwa kuwa hakufanana naye!" mwingine akadakia. "Baba mweusi kama chungu cha pweza, binti ndio huyo, kama kamwagiwa maziwa!"

"Weka mbwa mlangoni, wachumba wanakuja!"

Akacheka, akatia mkono mfukoni, akamtuza. Alijivuna. Tusimfiche: siku ile, kwa macho yake mawili, mchana kweupe, alimtazama mwanawe mgonjwa akajivuna.

"Shikamoo baba," alisema Muzdalifa. Maneno hayo mawili aliyatoa kwa pumzi mbili.

"Marahaba, mama. Viatu vyako vya shule nimevileta. Vyeusi, vya kamba."

Akatabasamu. Ngoma ikapamba moto, wakamwita acheze hatua alizofundishwa. Alicheza hatua nne. Ya tano alikaa chini, taratibu, kama anayetafuta kitu alichoangusha, kisha akalala ubavu. Wanawake waliendelea kupiga vigelegele, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Bi Mwantumu ndiye aliyefika kwanza. Alimwinua kichwa. Pua ya mtoto ilikuwa inapanuka na kusinyaa, na shingoni mshipa ulikuwa unaruka mpaka asumini zikatikisika.

"Boti!" Nassibu akapiga ukelele. "Nani ana mafuta kwenye mashine?"

Jirani yao, Zaidi, alikuwa nayo. Lakini maji yalikuwa yanakupwa. Katika mkono mwembamba wa mto boti ilikwama, wanaume wakashuka wakaisukuma juu ya matope, Nassibu kifuani mwake akiwa na tope, mdomoni akiwa na dua. Saa nzima ikaliwa pale. Walipotokea Nyamisati jua lilikuwa utosini. Wakapata gari la mfanyabiashara wa samaki, wakafika kituo cha afya upande wa Kibiti saa nane, mwali angali na shada kichwani.

Kijana wa maabara aliitwa Bashiru. Alikuja mwenyewe kitandani kuchukua damu, akageuza viganja vya Muzdalifa, akakunja uso.

"Hina," alisema. "Hapa sioni rangi ya damu."

Basi akaweka kidole gumba chini ya jicho, akavuta kope. Ndani palikuwa peupe kama nyama ya dafu.

Nassibu aliona. Alikuwa amesimama pale pale, Bi Mwantumu ubavuni mwake. Ni kitendo cha nukta moja, hakina mashine, hakina nauli, na hata mtoto wa chekechea anaweza kukifanya.

Tone moja la damu likapimwa. Bashiru akarudi amebeba karatasi.

"Baba wa mtoto?"

"Mimi, daktari."

"Mimi si daktari, mzee, ni wa maabara. Daktari anakuja. Damu yake ni mbili nukta sita. Msichana kama huyu anatakiwa awe na kumi na mbili."

Nassibu akahesabu kichwani kama anayehesabu magunia. "Nyingine imekwenda wapi?"

"Ndiyo tunayotafuta."

Nesi akaweka sindano. Kwenye jokofu kulikuwa na chupa moja ya damu ya kundi lake; daktari akaamuru ipite polepole, tena nusu kwanza, pamoja na dawa ya kupunguza maji, yale yaliyomjaza mashavu na miguu. Moyo umechoka, alisema. Ukiumwagia damu kwa haraka, utazama. Nassibu naye akalazwa kwenye kochi, akatolewa damu yake ili ipimwe iwe akiba. Alipomaliza alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Bashiru. Kwenye benchi palikuwa na mama mmoja amempakata mwanawe mwembamba, macho ya manjano.

"Chungulia hapa, mzee," Bashiru alimwita kwenye darubini. "Hii ya mwanao. Unaona chembe zilivyo ndogo, zimepauka katikati? Ni kama mfinyanzi aliyeishiwa udongo, anaendelea kufinyanga vivyo hivyo. Vyungu vinatoka vidogo, vyembamba. Chuma kimekwisha mwilini. Na kwenye choo chake nimekuta mayai ya safura, mengi. Anakula vitu vya ajabu? Udongo, mkaa, mchele mbichi?"

Nassibu alishika ukingo wa meza.

"Mchele," alisema.

"Mwili ukikosa chuma, huanza kutamani vitu hivyo. Ni kengele."

Bi Mwantumu alikuwa amesimama nyuma yao. Bashiru akamgeukia kwa adabu. "Na hedhi yake, shangazi? Inakwenda siku ngapi?"

Bi Mwantumu alimtazama kaka yake. Nassibu akataka kutoka, lakini kijana akasema, "Baki, mzee. Hatuna muda wa kuoneana haya." Basi mwanamke yule akageukia ukuta, akazungumza na ukuta.

"Siku kumi. Kumi na mbili. Nilijua. Nilijua mimi."

Yule mama wa kwenye benchi akamwona analia, akasema kwa huruma.

"Usilie, bibi. Na mimi huyu wangu, Sadala, walinifundisha kila kitu. Nimpe juisi nyekundu ya choya, nimpe maini, nimpe vidonge. Kama choya ingetibu, mwanangu angekuwa bondia sasa hivi."

"Naye ana minyoo?" Nassibu aliuliza.

"Huyu ana selimundu," alisema Bashiru. "Kazaliwa nayo, nusu kwa baba, nusu kwa mama, na wazazi wenyewe wazima kabisa. Chembe zake zinajipinda kama mundu, zinavunjika mapema. Kumjazia vidonge vya chuma bila kupima ni kumrundikia asichohitaji. Yeye ni foliki asidi kila siku, kinga ya malaria, dawa ya kuzuia chembe zisipinde, na kuongezewa damu, chembe zikishuka sana kama leo." Alishusha pumzi. "Mzee, watu wanasema 'damu imepungua' kama vile ni ugonjwa mmoja. Juzi kaletwa mtu, malaria imempasulia chembe kwa siku tatu tu. Kaja mjamzito, foliki imemwishia, chembe zake chache na kubwa kupita kiasi. Wote ukiwatazama usoni ni weupe. Lakini kila mmoja ana tundu lake, na usipoziba lile lenyewe unamwaga maji kwenye pakacha."

"Wangu anazibika?"

Swali hili Bashiru alilijibu akitazama chini. "Lake ndilo jepesi kuliko yote, mzee. Dawa ya minyoo, kidonge kimoja. Chuma miezi mitatu, kwa maji ya ndimu, si kwa chai. Dawa ya kupunguza ile hedhi. Angeletwa mwezi wa kumi, angerudi nyumbani siku ileile."

Nassibu akarudi kitandani. Muzdalifa alikuwa amefumbua macho. Shada walikuwa wamelitoa. Nywele zake zilinukia bado. Alitaka kusema, pumzi haikutosha. Basi baba akakohoa mara mbili.

Kidole chenye hina kikainuka, kikagonga chuma cha kitanda. Ko.

Akangoja. Chupa ilikuwa haijafika hata nusu. Moyo wake ulikuwa umekimbia miezi minne, umefungiwa chumbani, bila mtu kuusikia. Kabla ya adhana ya alasiri ukasimama. Daktari alijaribu kuuamsha, akajaribu tena, jasho likamtoka, kisha akaacha akabaki ameinamisha kichwa.

Wakapewa mwili. Chupa ya damu ya Nassibu ilibaki pale kwenye jokofu, ina jina lake, inangoja mtu mwingine.

Walirudi na maji ya alfajiri. Kwenye boti Bi Mwantumu alikaa miguuni pa maiti, akaona nyayo zake, zilizopasuka kwa matope ya shamba, akazifunika. Ndipo akasema:

"Nilaumu, Nassibu. Nitukane. Nimelea wali arobaini na moja, nimekuulia wako."

"Nilikuwa nasikia, dada," alijibu Nassibu. "Kila siku nilikuwa nasikia. Nikamletea mchele zaidi."

Wakamzika adhuhuri. Wazee walisema ni kudra ya Mungu, na ni kweli, hakuna afaye bila siku yake kufika. Lakini kudra ni kudra na minyoo ni minyoo. Mungu hakutunyima kidonge cha dawa, wala viatu, wala choo cha shimo. Hakutunyima vidole vya kuvuta kope. Tukimsingizia Yeye mambo tuliyoshindwa sisi, tutazika na wengine, tena kwa hina.

Asubuhi ya pili yake, Nassibu alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, mgongo kwenye ule ukuta, hakuna anachochonga. Akamwona dada yake akitoka kwenye matanga, peku, kanga ya kilio imemtoka begani, akikata uwanja kuelekea nyumbani kwa Zaidi. Kule ndani, tangu mwezi wa kumi na moja, kulikuwa na mwali mwingine, Waride binti Zaidi. Bi Mwantumu mwenyewe ndiye aliyemweka.

Nassibu akainuka akamfuata.

Bi Mwantumu hakubisha hodi. Alipita mbele ya wanaume waliokaa barazani wakinywa kahawa ya msiba, akaingia, akatoka anamvuta Waride kwa mkono, mtoto amejifunika kanga gubigubi, analia kwa woga.

"Somo! Una wazimu?" Zaidi aliruka. "Siku yake haijafika! Watu wanamwona!"

"Wamwone," alisema Bi Mwantumu. "Wamwone wote. Nassibu, njoo hapa nawe uone."

Alimsimamisha msichana juani, katikati ya uwanja, akamfunua uso. Waride alifumba macho kwa mwanga. Wanaume waligeukia pembeni kwa aibu, kisha mmoja mmoja wakarudisha shingo. Bi Mwantumu akaweka kidole gumba chini ya jicho, kama alivyomwona yule kijana wa maabara akifanya, akavuta.

Nassibu aliinama akatazama. Ndani palikuwa pekundu, wekundu wa choya iliyoiva, pamelowa, pazima.

"Uso wake hata haujang'aa," alisema Bi Mwantumu. "Juzi nilimwambia mama yake, huyu wako anachelewa kuiva."

Hakuliachia lile kope. Waride alinyamaza kulia, akasimama wima, machozi yakimtiririkia juu ya kidole cha somo wake, na mwanamke yule akaendelea kutazama, akatazama, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa kufika.

"Hii ndiyo rangi, kaka," alisema. "Hii ndiyo niliyotakiwa kuitafuta."